Binti wa miaka 11 aliyekwenda likizo kwa ‘adui’

Mtoto akimuuliza mzazi swali gumu, hasa jioni mzazi akiwa amechoka, majibu huwa mawili: “Hayo ni mambo ya wakubwa,” au “Kamuulize baba yako.” Jane Smith, afisa ustawi wa jamii katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, alitoa jibu la tatu. Jibu hilo lilimfikisha binti yake wa pekee Moscow, Leningrad na mpaka kwenye bweni la kambi ya watoto kando ya Bahari Nyeusi, akilala chumba kimoja na watoto wa nchi ambayo Marekani ilikuwa imeielekezea makombora.

Ilikuwa Novemba 1982. Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa amefariki dunia na nafasi yake imechukuliwa na Yuri Andropov. Jarida la Time liliweka picha ya Andropov kwenye jalada. Samantha Smith, mwenye miaka 10, alikuwa anasikia kila siku habari za mabomu ya nyuklia. Akamuuliza mama yake: kama watu wanamwogopa mtu huyu kiasi hiki, kwa nini hakuna anayemwandikia barua kumuuliza kama anataka vita au hataki?

Mama yake akamwambia: kwa nini usimwandikie wewe?

Akaandika.

Kwa vijana wa leo, Vita Baridi ni mada ya kujibia mtihani wa Historia. Wakati ule ilikuwa hofu ya kweli. Mataifa mawili makubwa yalikuwa na maelfu kwa maelfu ya mabomu ya nyuklia, na watoto walijua kabisa kwamba vita hiyo ikianza hakuna pa kukimbilia. Mzazi wa Maine hakuwa na namna ya kumwambia mwanawe “usiogope” na yeye mwenyewe akaamini anachokisema.

Barua ya mtoto

Barua yenyewe ilikuwa fupi na imeandikwa kitoto hasa. Samantha alijitambulisha kwa jina na umri, akampongeza Andropov kwa kupata kazi mpya, kisha akaenda moja kwa moja kwenye hoja. Alisema ana wasiwasi kwamba Urusi na Marekani zitaingia kwenye vita ya nyuklia. Je, yeye atapiga kura vita iwepo au isiwepo? Kama haitaki, atafanya nini kuizuia? Akaongeza swali moja ambalo alimwambia halazimiki kulijibu: kwa nini anataka kuitawala dunia, au angalau nchi yao?

Haikuwa mara yake ya kwanza kumwandikia mkubwa. Akiwa na miaka mitano aliwahi kumwandikia Malkia Elizabeth wa Uingereza kumweleza jinsi anavyomhusudu. Baba yake, Arthur, alikuwa mwalimu wa fasihi na uandishi chuo kikuu. Kwa hiyo katika nyumba ile, kalamu na bahasha havikuwa vitu vya wakubwa peke yao. Nyumba nyingi barua kama hiyo ingeishia kwenye kicheko: “Nani atakujibu wewe?”

Na kweli, kwa miezi kadhaa hakujibiwa. Sehemu ya barua yake ilichapishwa katika Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, na Samantha alifurahi sana kusikia hivyo. Lakini jibu hakulipata. Akachukua karatasi nyingine, akamwandikia balozi wa Kisovieti mjini Washington kumuuliza kama Bwana Andropov ana mpango wa kumjibu.

Hiyo barua ya pili ndiyo inayostahili kupigiwa mstari. Kuandika barua moja mtoto yeyote anaweza, siku akiwa na hamasa. Kufuatilia, kwa adabu, kwa mtu mwingine mwenye uwezo wa kusukuma jambo, hata watu wazima wengi huwashinda.

Mwezi Machi 1983, wakati Samantha bado anasubiri, Rais Ronald Reagan aliuita Umoja wa Kisovieti dola la uovu. Mwezi uliofuata, barua ya Andropov ikafika Maine.

Ilikuwa barua ndefu na ya upole. Alimfananisha Samantha na Becky, yule binti jasiri rafiki yake Tom Sawyer katika kitabu cha Mark Twain. Alimweleza kwamba watu wa nchi yake wanaijua vita kwa sababu waliionja walipopigana na Ujerumani ya Hitler, na kwamba wanachotaka ni kulima ngano, kujenga, kuandika vitabu na kuruka kwenda anga za mbali. Alisema nchi yake haitakuwa ya kwanza kutumia silaha za nyuklia. Mwishoni akamkaribisha: aje na wazazi wake, majira ya kiangazi ndiyo mazuri zaidi, aione nchi, akutane na watoto wa rika lake, afike na Artek, kambi ya watoto iliyopo baharini.

Unamruhusu au humruhusu?

Mzazi, jiweke hapo. Anayemwalika mwanao aliwahi kuwa mkuu wa KGB, shirika la ujasusi la nchi hasimu. Kila atakachokifanya mtoto huko kitapigwa picha. Akicheka, watasema kafundishwa kucheka. Majirani wana maoni, magazeti yana maoni, na televisheni za taifa zima zinapiga simu nyumbani. Hakuna simu ya mkononi ya kumtumia ujumbe usiku kuuliza kama amekula.

Jane na Arthur walikubali, na wakaenda naye. Jambo hili husahaulika picha za Samantha zinaposambazwa, kana kwamba alikwenda peke yake. Mwaliko ulikuwa wa familia, nao waliufuata kama familia. Samantha alitimiza miaka 11 tarehe 29 Juni 1983. Julai 7 walipanda ndege kwenda Moscow.

Ziara ilichukua wiki mbili. Mjini Moscow walitembezwa Uwanja Mwekundu na Kremlin. Kila walipopita kulikuwa na kamera, maua na zawadi, na wenyewe walishangazwa na wingi wa zawadi na ukarimu wa watu. Walifika Leningrad, mji ambao siku hizi unaitwa Saint Petersburg. Huko Wajerumani waliwazingira wakazi tangu mwaka 1941 hadi 1944, na mamia ya maelfu ya watu wakafa kwa njaa na baridi. Mtoto aliyekwenda kuuliza kama Warusi wanataka vita alikuwa anatembea katika mitaa ambayo kila mwenye umri wa bibi yake alikuwa na mtu aliyemzika kwa sababu ya vita.

Kulikuwa na vituko pia. Siku moja alipigiwa simu na Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza duniani kwenda anga za mbali. Samantha hakutambua anazungumza na nani, wakaongea kidogo tu, akakata simu. Mama yeyote aliyewahi kumpa mtoto simu azungumze na shangazi wa mbali anaijua hali hiyo.

Bweni la wasichana

Kilele cha safari kilikuwa Artek, katika rasi ya Crimea. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, na kwa mtoto wa Kisovieti kuchaguliwa kwenda huko ilikuwa bahati kubwa: bahari, milima, michezo na marafiki kutoka kila jamhuri ya muungano ule mkubwa.

Wenyeji walikuwa tayari kumpa Samantha malazi ya kifahari, kama mgeni wa serikali. Alikataa. Alitaka kulala na wenzake. Akaingizwa kwenye bweni lenye wasichana wengine tisa, akavaa sare ya kambi kama wao. Waliogelea, wakapiga soga, akafundishwa nyimbo na ngoma za Kirusi.

Mmoja wa wasichana wale alikuwa Natasha, kutoka Leningrad, aliyekuwa anazungumza Kiingereza vizuri. Wakawa marafiki. Picha zao zimebaki mpaka leo: wasichana wawili wanatembea bega kwa bega, mmoja anamwambia mwenzake jambo, mwingine anacheka. Ukiondoa maelezo ya chini ya picha, huwezi kusema yupi ametoka upande gani.

Hapa inabidi kusema ukweli wote. Mambo yale yalikuwa yamepangwa. Wenyeji walihakikisha jengo alilolala Samantha lina watoto na walimu wanaojua Kiingereza. Serikali ya Kisovieti ilikuwa inajua thamani ya picha ya mtoto wa Kimarekani akicheka Artek, na haikufanya hayo kwa ajili ya Mungu. Vyumba vya magereza havikuwa kwenye ratiba ya ziara. Waliosema binti huyu anatumiwa kwa propaganda hawakuwa wajinga.

Lakini serikali inaweza kupanga nani alale kitanda kipi. Haiwezi kupanga watoto wapendane. Taa zikizimwa, wasichana kumi wa miaka kumi na kitu wana mambo yao ya kunong’ona, na hakuna ofisi inayowaandikia. Samantha alipozungumza na waandishi wa habari Moscow, alichokisema kwa maneno yake ni kwamba Warusi ni watu kama wao tu. Wachambuzi walikicheka. Kwa mtoto aliyekuwa hapati usingizi kwa kuwaza mabomu, huo haukuwa ugunduzi mdogo.

Andropov mwenyewe hakuonana naye. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alikuwa mgonjwa sana na alikuwa amejitenga na hadhara. Alifariki Februari 1984. Mwenyeji aliyeandika barua hakufika, na safari haikupungukiwa sana kwa hilo, kwa sababu Natasha alikuwepo.

Alivyorudi nyumbani

Julai 22, 1983 familia ilirejea Maine. Uwanja wa ndege ulitandikwa zulia jekundu, kulikuwa na maua ya waridi na gari refu la kifahari linamsubiri. Kelele za wakosoaji nazo zikapanda. Kisha Septemba 1 ndege ya kijeshi ya Kisovieti iliiangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wakafa. Wiki chache tu baada ya nyimbo za Artek. Ilikuwa rahisi kwa yeyote kumwonyesha kidole binti wa miaka 11 na kusema: hao ndio rafiki zako.

Hakunyamaza. Desemba mwaka huo alialikwa Kobe, Japani, kwenye kongamano la kimataifa la watoto, akakutana na Waziri Mkuu Yasuhiro Nakasone. Huko alitoa pendekezo lililowafanya watu wacheke kwanza, kisha watafakari. Alisema viongozi wa Marekani na Umoja wa Kisovieti wawe wanabadilishana wajukuu wao wa kike kwa wiki mbili kila mwaka. Wa huku akakae na familia ya kule, wa kule aje kukaa na familia ya huku. Sababu yake: rais hatataka kupeleka bomu kwenye nchi ambayo mjukuu wake amekwenda kutembea.

Wazee wa pwani na bara walilijua hilo zamani. Ndiyo maana watoto walipelekwa kulelewa kwa shangazi au kwa mjomba, na ndiyo maana koo zilizogombana zilioleshana. Samantha alilifikia mwenyewe, baada ya wiki mbili za kulala kwenye kitanda cha kambi.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Aliandika kitabu cha safari yake, akatangaza kipindi cha televisheni cha watoto kuhusu uchaguzi wa mwaka 1984 na kuwahoji wagombea urais, kisha akapata nafasi ya kuigiza katika tamthilia ya televisheni.

Usiku wa Agosti 25, 1985, Samantha na baba yake walikuwa wanarudi nyumbani kutoka Uingereza alikokwenda kurekodi tamthilia hiyo. Walikuwa wamebakiza kipande kidogo tu cha safari, kwa ndege ndogo ya ndani iliyotoka Boston. Ndege iligonga miti kabla ya kufikia njia ya kutua ya kiwanja kidogo cha Auburn-Lewiston, humo humo Maine. Watu wote wanane waliokuwamo walikufa. Samantha alikuwa na miaka 13.

Safari ambayo Marekani nzima ilikuwa inaiogopa, ya Moscow na Crimea, ilimrudisha salama. Iliyomchukua ni ile ambayo hakuna mzazi angeifikiria mara mbili.

Jane Smith alipoteza mume na mtoto wake wa pekee kwa pigo moja. Katika mazishi mjini Augusta walihudhuria watu wapatao 1,000. Mwakilishi wa ubalozi wa Kisovieti alifika na kusoma salamu za rambirambi za Mikhail Gorbachev, kiongozi mpya wa nchi ile. Rais Reagan naye alituma zake. Viongozi hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana. Walikutana kwa mara ya kwanza Geneva, Novemba mwaka huo huo.

Mama aliyeachwa

Jane angeweza kujifungia ndani, na hakuna ambaye angemlaumu. Oktoba 1985, hata miezi miwili haijaisha, alianzisha mfuko wenye jina la binti yake. Kazi ya mfuko huo ilikuwa moja kubwa: kuwapeleka watoto na vijana wa Marekani upande wa pili, na kuwaleta wa upande wa pili Marekani. Mama aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa safari alikaa akisaidia safari za watoto wa wenzake.

Machi 1986, Katya Lycheva, msichana wa miaka 11 kutoka Moscow, alizuru Marekani katika safari iliyochukuliwa kama jibu la ile ya Samantha. Mwaka huo huo wanafunzi wenzake Samantha wa Maine walikwenda kuziona zile sehemu alizopita mwenzao. Mfuko uliendelea na mabadilishano ya wanafunzi hata baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika Desemba 1991, mpaka ulipopoa katikati ya miaka ya 1990.

Siku hizi safari za namna hii zina utaratibu unaojulikana, na zinawagusa wazazi wa huku pia. Mpango wa YES, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2002, huchukua vijana wa sekondari kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo Tanzania na Kenya. Kijana hukaa mwaka mmoja wa masomo na familia ya Kimarekani inayojitolea kumpokea, na kusoma shule ya hapo hapo mtaani. Mzazi anayepata taarifa kwamba mwanawe amechaguliwa hubaki na maswali yale yale ya Jane na Arthur: atalala wapi, na nani, watamla maneno gani, atarudi akiwa yule yule? Safari hii hawezi kupanda naye ndege.

Maswali hayo ni halali, na yaulizwe kwa waandaaji bila haya, mpaka majibu yaeleweke: familia ni ipi, msimamizi wa karibu ni nani, simu yake ni ipi, mtoto akiugua au akitaka kurudi inakuwaje. Yapo ambayo hayatajibiwa na mtu yeyote kabla ya safari. Kama kijana atampata Natasha wake, kwa mfano.

Kwa upande mwingine, kuna kazi ambayo haisubiri kuchaguliwa wala pasipoti. Jane hakumwandikia Samantha barua ile, na hakumwambia aandike nini. Mtoto aliuliza, akarudishiwa swali pamoja na kalamu. Ile sentensi kuhusu kuitawala dunia mtu mzima yeyote angeifuta kwa kuona aibu. Iliachwa, ikaenda Moscow ilivyo.

Natasha na Samantha hawakupata muda wa kukua pamoja kwa barua, kama marafiki wengi wa namna hiyo wanavyofanya. Mwaka 1985 Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu yenye sura ya Samantha. Mnajimu mmoja wa nchi ile, Lyudmila Chernykh, aliipa jina lake sayari ndogo aliyoigundua, namba 3147.

Mjini Augusta, karibu na maktaba ya jimbo la Maine, ipo sanamu yake. Anamrusha njiwa, na miguuni pake amejiegemeza mtoto wa dubu. Dubu ni mnyama wa Warusi katika picha na masimulizi, na ni mnyama wa misitu ya Maine pia. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi Juni, kwa sheria ya jimbo hilo, ni siku ya Samantha Smith.